Kioo kilivunjika au kilikuwa kimevunjika?

Kuna sentensi moja ya Kiingereza ambayo sijapata kuisahau tangu mwaka wa 1996. Haikuandikwa na mwandishi mashuhuri, wala haimo katika kitabu chochote. Iliandikwa kwa wino wa buluu, kwenye karatasi iliyochanwa daftarini, na mvulana wa kidato cha pili ambaye mimi mwenyewe nilikuwa mwalimu wake wa Kiingereza. Sentensi hiyo ilikuwa na maneno machache tu, lakini ilikaribia kumgharimu masomo yake.

Wakati huo nilikuwa nikifundisha katika shule moja ya bweni ambayo sitaitaja jina. Asubuhi moja ya msimu wa mvua, mvulana huyo alitumwa na mwalimu kwenda kuchukua vifaa katika maabara. Muda si muda akaonekana akirudi mbio, mikono mitupu, akisema mambo yameharibika. Walimu walipokwenda kutazama, walikuta kioo cha kabati kimevunjika vipande vipande, chupa ziko sakafuni, na dawa zilizokuwamo zimemwagika. Hapakuwa na mtu mwingine mle ndani. Kwa mujibu wa kanuni za shule, kijana alipewa karatasi na kuamriwa aandike maelezo yake. Na kwa mujibu wa kanuni hizo hizo, maelezo hayo yalitakiwa yawe ya Kiingereza.

Akaandika hivi: "When I entered the laboratory, the glass of the cupboard broke and the bottles fell down."

Kamati ya nidhamu ilikutana alasiri, nami nilikuwa mmoja wa wanakamati. Karatasi ile ilisomwa kwa sauti, na baada ya kusomwa haikuonekana haja ya mjadala. Kijana ameingia, kioo kikavunjika, chupa zikaanguka. Ikiwa si yeye aliyevunja, ni nani? Ilipendekezwa arudishwe nyumbani mpaka mzazi wake atakapolipa gharama ya kabati na dawa zote. Wanaoijua hali ya wazazi wetu wanaijua maana ya "mpaka" ya namna hiyo. Nimewaona wanafunzi waliokwenda nyumbani kwa "mpaka" kama huo wasirejee tena darasani.

Kijana akaitwa kusikiliza uamuzi. Alijitetea kwa Kiingereza, huku machozi yakimlengalenga, "I entered and it broke, sir. It broke!" Kila alipolirudia neno hilo ndivyo alivyozidi kujitia kitanzi. Hapo nikaomba ruhusa ya kuivunja kanuni, nikamwambia, "Hebu tueleze kwa Kiswahili." Akajifuta uso kwa kiganja, akasema, "Mwalimu, nilipoingia, kioo kilikuwa kimevunjika, na chupa zilikuwa zimeanguka."

Chumba kizima kilinyamaza. Msaidizi wa maabara akaitwa, akaulizwa swali ambalo hakuna yeyote kati yetu aliyekuwa amefikiria kumwuliza. Akakiri kwamba alikuwa ameviona vipande vya kioo alfajiri alipofungua mlango, kabla ya kengele ya kwanza kulia. Upepo wa usiku ulikuwa umelisukuma dirisha lisilofungwa vyema, nalo likaligonga kabati. Alikuwa amenuia kutoa taarifa, ila akashikwa na shughuli nyingine. Kijana akaachiliwa aende zake. Sisemi alisamehewa, kwa maana hakuwa na kosa la kusamehewa.

Lakini kosa lilikuwako, nalo lilikuwa langu. Majuma matatu tu kabla ya siku ile nilikuwa nimelifundisha darasa lake wakati huo wa Kiingereza unaojengwa kwa neno "had" pamoja na umbo la tatu la kitenzi. Niliandika kanuni ubaoni, nikatoa mifano, nikawapa zoezi la kujaza mapengo. Mvulana yule alipata alama tisa kwa kumi. Nilimwekea alama ya vema kwa kalamu nyekundu na kuandika "Good". Basi mtoto aliyepata tisa kwa kumi alikujaje kukosa sentensi moja, siku ambayo sentensi hiyo ndiyo iliyokuwa na maana kuliko zote alizowahi kuandika?

Swali hilo limenisumbua kwa muda mrefu, na leo nataka tulijadili pamoja, walimu wenzangu na wanafunzi mnaosoma ukurasa huu. Dai langu ni kwamba wakati huu haumpi mwanafunzi wetu taabu kwa sababu ni mgeni kwake. Anao tayari, tena anautumia kila siku bila kukosea. Humpa taabu kwa sababu sisi humfundisha kana kwamba hajapata kuusikia.

Tuanze na kile ambacho wengi wetu hufundisha. Mwalimu husimama na kusema, "Wakati huu hutumiwa kueleza jambo lililotendeka zamani sana." Kauli hiyo si kweli, na madhara yake huonekana katika kila rundo la insha. Mwanafunzi akitaka kusimulia hekaya ya Sungura na Fisi, mambo ambayo bila shaka ni ya zamani sana, huandika: "Long time ago, there had lived a hare who had a friend. They had gone to the forest and they had found honey." Msomaji wa sentensi hizo hungoja jambo kuu litajwe, maana kila "had" humwahidi kwamba kuna tukio jingine linalokuja mbele. Tukio hilo halifiki. Ni kama mtu anayetandika jamvi, kisha akatandika jingine juu yake, na jingine tena, na wageni wasionekane.

Umri wa tukio hauna uhusiano wowote na "had". Naweza kusema juu ya vita vya zamani kwa wakati uliopita wa kawaida: "The First World War began in 1914." Ni zaidi ya karne moja sasa, na hapana "had" hapo. Kwa upande mwingine naweza kusema juu ya asubuhi ya leo: "When I woke up, the rain had stopped." Ni saa chache tu zilizopita, na "had" imo, tena ina kazi. Kinachotakiwa si umbali kutoka leo. Kinachotakiwa ni mpangilio wa matukio mawili yaliyokwisha kupita, na mahali aliposimama msimulizi anapoyatazama.

Mwanafalsafa mmoja Mjerumani aliyehamia Marekani, Hans Reichenbach, alilieleza jambo hili vizuri katika kitabu chake cha mantiki kilichotoka mwaka wa 1947. Alisema kwamba ili kuzielewa nyakati za vitenzi twahitaji vituo vitatu, wala si viwili. Kuna wakati wa kusema, yaani sasa hivi ninapotoa maneno kinywani. Kuna wakati wa tukio lenyewe. Halafu kuna kituo cha tatu, ambacho ni pale msemaji anaposimama kwa fikira zake ili kulitazama tukio. Katika sentensi "the glass broke", kituo cha kutazamia na tukio vimo mahali pamoja: nimesimama katika dakika ile ile kioo kilipovunjika. Katika sentensi "the glass had broken", nimesimama katika dakika fulani iliyopita, tuseme dakika ya kuingia maabara, kisha nageuka kutazama nyuma, na kuona kwamba kioo kimekwisha kuvunjika.

Sasa mpenzi msomaji, hebu litazame neno letu la Kiswahili "kilikuwa kimevunjika". Vituo vyote hivyo vimo ndani yake, tena vimepangwa waziwazi kama mawe matatu ya meko. "Kilikuwa" lina "-li-" inayotuondoa katika sasa na kutusimamisha katika wakati uliopita. "Kimevunjika" lina "-me-" inayotuambia kwamba tulipokuwa tumesimama hapo, tendo lilikuwa limetimia. Kiingereza kimeyakunja hayo yote katika neno moja dogo, "had", ambalo mwanafunzi hawezi kulifunua akaona kilichomo. Kiswahili kimeyaweka hadharani. Sarufi yetu imeyapa hata jina, nalo hufundishwa shuleni: wakati uliopita, hali timilifu.

Hapa ndipo penye ajabu. Mwalimu wa Kiswahili huingia darasani saa tatu, akafundisha wakati uliopita hali timilifu. Hutoka, akampisha mlangoni mwalimu wa Kiingereza, naye akaingia kufundisha jambo lile lile kana kwamba limeletwa na meli jana kutoka Uingereza. Walimu hao wawili huenda wanaketi meza moja chumbani mwao na kunywa chai kutoka birika moja. Hawajawahi kuambiana kwamba wanafundisha kitu kimoja. Na mwanafunzi, aliyekaa pale pale kwenye dawati lake, hubaki na madaftari mawili yasiyojuana.

Laiti ningalimwambia mvulana wangu maneno haya machache: "Pale ambapo Kiswahili chako kinasema 'alikuwa ame-', 'kilikuwa kime-', 'walikuwa wame-', simama uangalie, huenda Kiingereza kinataka 'had'. Na pale ambapo Kiswahili chako kinasema 'nika-, uka-, aka-', usiiguse 'had'." Sehemu hiyo ya pili ni muhimu kama ya kwanza. Kiambishi "-ka-" ndicho uti wa mgongo wa masimulizi yetu: nilikwenda sokoni, nikanunua samaki, nikarudi nyumbani, nikapika. Matukio yanafuatana kama siafu, kila moja mgongoni mwa jingine, na msimulizi anatembea nayo bila kugeuka nyuma. Kiingereza cha mambo hayo ni wakati uliopita wa kawaida: "I went to the market, bought fish, came home and cooked." Hapana hata "had" moja. Inahitajika tu pale msimulizi anapokatiza mwendo na kurudi nyuma: "I went to the kitchen to cook, but the cat had eaten the fish." Nilikuta paka amekwisha kumla samaki. Paka alinitangulia, nami nikagundua baadaye.

Aidha, mwanafunzi akiujua msingi huu, atatambua kwamba sentensi zetu za kukana nazo zina ndugu yake. "Nilipofika, mwalimu alikuwa hajafika" ni "When I arrived, the teacher had not yet arrived." Ile "-ja-" yetu ndiyo "not yet" yao. Vivyo hivyo "alikuwa amekwisha kuondoka", au kama vijana wasemavyo, "alikuwa ameshaondoka", ni "he had already left."

Ingawa hivyo, sipendi kumdanganya mtu kwamba ufunguo huu hufungua kila mlango. Kuna mlango mmoja ambapo hukwama, na mwalimu asiyeutaja atakuwa amemtega mwanafunzi wake. "-me-" yetu ina kazi mbili. Wakati mwingine husema kwamba tendo limetimia: ameondoka, ameandika, amefika. Wakati mwingine husema hali aliyomo mtu hivi sasa: amelala, ameketi, amesimama, amevaa kanzu, amechoka, amekasirika. Ninaposema "mtoto amelala", sisemi kwamba amemaliza kulala. Nasema yumo usingizini. Kwa hiyo "nilipofika, mgonjwa alikuwa amelala" si "the patient had slept." Ni "the patient was asleep." Muuguzi akiandika "had slept" katika taarifa yake ya zamu, daktari ataelewa kwamba mgonjwa alilala akaamka, ilhali huenda mgonjwa hajafumbua macho tangu jana. "Alikuwa amevaa koti jeusi" ni "he was wearing a black coat", na "alikuwa amesimama mlangoni" ni "he was standing at the door."

Namna ya kupambanua si ngumu. Jiulize: je, nasema jambo alilokuwa amelimaliza, au nasema hali niliyomkuta nayo? Ikiwa ni jambo lililomalizika, "had" ina nafasi. Ikiwa ni hali, tumia "was" au "were". Kioo cha maabara kilikuwa katika mpaka wa mambo hayo mawili, na ndiyo sababu Kiingereza kingempa mvulana njia mbili za kujiokoa: "the glass had broken", au "the glass was already broken." Yoyote kati ya hizo ingalitosha. Aliyoichagua ndiyo pekee iliyomtia hatiani.

Kuna wanaouliza kama ni lazima "had" itumike kila mara panapokuwa na matukio mawili. La, hasha. Maneno "before" na "after" hupanga matukio yenyewe, na mara nyingi hutosha. "After he locked the door, he went home" ni Kiingereza safi. Hakuna atakayedhani kwamba alikwenda nyumbani kwanza. Wenyewe Waingereza na Wamarekani huiacha "had" mara nyingi katika sentensi kama hizo. Lakini neno "when" halina nguvu hiyo. "When" haisemi lipi lilitangulia; huyaweka matukio mawili sako kwa bako na kumwachia msomaji aamue. "When I entered, the glass broke" humfanya msomaji aamue kwamba kuingia ndiko kulikotangulia na kuvunjika kukafuata, pengine kwa sababu ya kuingia. Basi kila mwanafunzi anayeandika "when" katika habari iliyopita na ajiulize swali moja zaidi: je, msomaji wangu atapotoka nikiiacha "had"? Kama hatapotoka, na aiache. Kama atapotoka, na aiweke hata kama ni saa sita usiku na kalamu imekaribia kukauka.

Nisipotaja matumizi mengine mawili au matatu, wanafunzi wa kidato cha nne wataniandikia kulalamika. La kwanza ni usemi wa taarifa. Mtu akisema, "I saw the thief", nami nikiyaripoti maneno yake baadaye, nitasema, "He said that he had seen the thief." Mantiki ni ile ile: nimesimama pale aliposema, natazama nyuma kule alikoona. La pili ni sentensi za masharti yasiyowezekana tena: "If I had known, I would have come." Sisi twasema, "Ningalijua, ningalikuja." Hapa "had" haiturudishi nyuma ya tukio jingine tu; hututenga na ukweli wenyewe, kwa sababu sikujua, na sikuja. Angalieni kwamba Kiswahili hutumia "-ngali-" pande zote mbili, na ndiyo sababu wengi huandika "If I would have known, I would have come", wakirudia umbo moja pande zote mbili kama tufanyavyo sisi. Kiingereza sanifu kinataka "had" upande wa sharti na "would have" upande wa matokeo.

La tatu ni ile "had had" ambayo wanafunzi huikata kwa kudhani mkono umeteleza. Haikuteleza. "He had had his lunch before we came" maana yake ni kwamba alikuwa amekwisha kula chakula cha mchana kabla hatujafika. "Had" ya kwanza ni kitenzi kisaidizi. Ya pili ndiyo kitenzi chenyewe. Mwisho, tukumbuke kwamba baada ya "had" huja umbo la tatu, si la pili. "Had went", "had ate" na "had came" ni makosa ya kawaida mno katika madarasa yetu. Inatakiwa "had gone", "had eaten" na "had come". Hapo Kiswahili hakiwezi kutusaidia. Hapo ni kukariri tu, kama tulivyokariri hesabu za kuzidisha.

Najua wako walimu watakaoinua nyusi. Watasema kwamba kuingiza Kiswahili katika somo la Kiingereza ni kukoroga dawa mbili katika kikombe kimoja, kwamba athari ya lugha ya kwanza ndiyo inayoharibu Kiingereza cha watoto wetu, na kwamba mwanafunzi lazima afikiri kwa Kiingereza. Naiheshimu hoja hiyo, kwa sababu niliiamini kwa miaka mingi. Ni kweli kwamba mtoto anayetafsiri neno kwa neno huandika mambo ya kuchekesha, na mfano wa "had slept" nimeutoa mimi mwenyewe. Lakini athari hiyo ipo tupende tusipende. Mwanafunzi haachi Kiswahili mlangoni pamoja na viatu vya matope. Anaingia nacho, nacho hufanya kazi kichwani mwake kimyakimya. La kuamua ni moja tu: kiendelee kufanya kazi gizani, au tukiwashie taa, tumwonyeshe pale kinapomsaidia na pale kinapomponza?

Isitoshe, tazama ni nani aliyemponza mvulana wangu. Si Kiswahili. Kiswahili chake kilikuwa sahihi bila doa. Lau angaliufuata muundo wake wa Kiswahili hatua kwa hatua, angaliandika Kiingereza sahihi. Alikosea kwa sababu alikuwa amefundishwa, na miaka ya kuadhibiwa na kuchekwa, kwamba Kiswahili hakina la kumfaa anapoandika Kiingereza. Akayaacha nyuma maarifa yake mwenyewe, akachukua vitenzi vifupi vilivyomjia kwanza.

Wala jambo hili haliishii shuleni. Sheria ya nchi yetu inaruhusu Kiswahili katika mahakama za chini, na Katiba ya mwaka wa 2010 imekifanya kuwa lugha rasmi bega kwa bega na Kiingereza. Hata hivyo imekuwa kawaida kwa miaka mingi kwamba shahidi husema kwa Kiswahili na maneno yake yakawekwa katika kumbukumbu kwa Kiingereza. Fikiria shahidi anayesema, "Nilipofika dukani, mlinzi alikuwa ameuawa." Fikiria mwandishi mwenye haraka anayeandika, "When I reached the shop, the guard was killed." Katika sentensi ya kwanza shahidi ameukuta msiba. Katika ya pili alikuwapo mauaji yakitendeka, na wakili yeyote mwenye akili atamwuliza ni kwa nini hakupiga mayowe. Tofauti ni "had been" peke yake. Wanafunzi wetu wa leo ndio makarani, askari, wauguzi, wakalimani na mahakimu wa kesho. Tunapowafundisha "had" hatuwafundishi pambo la insha.

Mitaala hubadilika. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka wa 1985 unaondoka taratibu. Mtihani wa KCPE ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023. Majina ya madarasa yamebadilika na vitabu vimebadilika. Hata hivyo, haja ya mtoto kusema kweli juu ya lililotangulia na lililofuata haitabadilika.

Ombi langu kwa walimu ni dogo, wala halihitaji fedha ya serikali. Mwalimu wa Kiingereza na amwendee mwalimu wa Kiswahili, amwulize, "Hali timilifu utaifundisha juma gani?" Na wapange wafundishe juma moja. Na zoezi la kujaza mapengo lifuatwe na zoezi la pili: kila mwanafunzi aeleze kwa maandishi, katika lugha zote mbili, jambo alilolikuta limekwisha kutendeka. Nyumba iliyokuwa imeibwa alipofika. Basi lililokuwa limeondoka. Pengo hujazwa kwa kukisia. Habari ya kweli haikisiwi.

Nimesahau kutaja jambo moja. Siku ile ya mkasa, barua ya kumwita mzazi ilikuwa imetumwa adhuhuri, kabla kamati haijakutana. Kwa hiyo juma lililofuata mama yake yule kijana alifika, amefunga leso mbili, amechoka kwa safari, na pesa kidogo zimefungwa katika pindo. Tukamweleza kwamba mambo yamekwisha, na jinsi yalivyoanza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Kwani mwalimu, hicho Kiingereza hakina njia ya kusema kwamba kitu kilikuwa kimevunjika?"

Nikamjibu, "Kinayo, mama. Ni mimi niliyekuwa sijamwonyesha."

Akatikisa kichwa, akamshika mwanawe mkono, wakatoka nje kuzungumza. Mimi nikarudi darasani, nikafuta ubao, nikaanza somo lile upya.